Kidole Juu ya Fahali Mweupe

Mwezi wa saba uliopita baridi ya Nairobi ilinishinda, nikamwomba mwanangu anishushie hita iliyokaa juu ya kabati tangu mwaka juzi. Aliichomeka, nyaya zikaanza kuwa nyekundu, na vumbi lote la miaka miwili likaungua. Harufu ile ilinikalisha kitako. Mwanangu alidhani ni presha, akaanza kupekua droo akitafuta dawa zangu, nikamwambia aache, ni harufu tu. Sijui wewe ukinusa vumbi linaloungua unakumbuka nini. Mimi nakumbuka projekta, ukumbi uliofungwa mapazia meusi mchana kweupe, na watu kama arobaini wakicheka. Halafu nakumbuka nilichokifanya, na hicho ndicho ninachotaka kukueleza, kwa sababu nimezeeka na sina tena wa kumficha. Nilimpotezea baba yangu rafiki. Hakuwa na mwingine, na hakupata mwingine mpaka tulipomzika.

Tuliishi Riruta, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati bado kulikuwa na mahindi kati ya nyumba na nyumba, na mvua ikinyesha ulibeba viatu mkononi mpaka ufike lami. Stima haikuwa imefika kwetu. Baba alikuwa karani mjini, katika ofisi iliyoshughulika na hati za mashamba. Wazee walikuja kuchukua hati zao, na kila mmoja alitakiwa kutia sahihi. Asiyejua kuandika, Baba alimshika dole gumba, akalibonyeza kwenye wino, akalibonyeza tena kwenye karatasi. Alirudi nyumbani jioni na wino wa zambarau kwenye kucha, akazisugua kwa ndimu. Aliwahurumia wazee wale, lakini niseme ukweli, aliwadharau kidogo pia. Yeye mwenyewe akiwa kijana, zamani za mkoloni, aliwahi kutembea na kipande shingoni, kile kitambulisho walicholazimishwa Waafrika, na ndani ya kipande hicho palikuwa na alama ya kidole chake. Hakupenda kukumbushwa. Sahihi yake ilikuwa ndefu, yenye mikia miwili, na sisi watoto alitufundisha kutia sahihi kabla hatujajua kugawanya.

Starehe yake ilikuwa kamera. Hakupiga picha za karatasi kama mafundi wa studio. Alipiga slaidi, zile picha za rangi zinazobaki kwenye filamu yenyewe, ndogo kuliko kiganja cha mtoto, ambazo huzioni sawasawa mpaka zimulikwe kwa projekta kwenye kitambaa cheupe ukutani. Filamu ilitumwa ng'ambo kwa posta ikaoshwe, na sisi tukangoja wiki sita, saba, Baba akipita posta kila siku kama mtu anayengojea barua ya mchumba. Slaidi haina nakala. Ukiiharibu, umeiharibu.

Mjini kulikuwa na chama cha watu waliopiga picha kwa kupenda tu. Walikutana Jumamosi moja kila mwezi, alasiri, wakashindanisha slaidi zao. Wengi walikuwa Wazungu na Wahindi. Waafrika walikuwa wawili, Baba na Bwana Athmani.

Bwana Athmani alikuwa mtu wa Mombasa, mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu ajabu. Alifanya kazi katika duka la kamera karibu na Biashara Street, na kazi yake hasa ilikuwa kufunga slaidi za watu kati ya vioo viwili vyembamba ili zisipinde kwa joto la taa. Aliifanya kazi hiyo amevaa glavu nyeupe za pamba, na karibu chama kizima kilimletea slaidi zao, kwa sababu slaidi iliyopita mikononi mwa Athmani haikuwa na hata unywele wa vumbi. Yeye ndiye aliyemtambulisha Baba chamani. Alimwona siku moja dukani ameinua slaidi dirishani, akamwuliza, "Hii umeipiga wewe, bwana?" Wakaanza hapo.

Alikuja kwetu Jumapili, mara mbili kwa mwezi. Nasi tulimjua vizuri hata jogoo alimngojea yeye, maana Mama hakuthubutu kumchinjia Mwislamu kuku. Bwana Athmani alifika, akakunja mikono ya shati, akachinja mwenyewe nyuma ya jikoni akisema bismillahi, ndipo Mama akamchukua kuku akaendelea. Alinifundisha kusema shikamoo, neno ambalo pale Riruta lilinifanya nichekwe na watoto wenzangu, na kila nikilisema aliitikia "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya kuridhika. Baba hakuwa msemaji. Siku za kazi angeweza kula chakula chote bila neno. Lakini Jumapili za Bwana Athmani nilimsikia akicheka mpaka nje kwenye kisima, na Mama akatikisa kichwa akisema, "Msikieni baba yenu."

Mwaka ninaoueleza nilikuwa na miaka tisa. Wakati wa maonyesho ya kilimo pale Jamhuri, Baba alinichukua alfajiri, kabla milango haijafunguliwa kwa umma, kwa sababu alijuana na mlinzi mmoja. Nilivaa sweta nyekundu ambayo Mama alikuwa amemaliza kuifuma wiki hiyo. Kulikuwa na baridi na ukungu. Mtu mmoja alikuwa akimwogesha fahali mweupe, mkubwa, na jua lilipochomoza nyuma yao, mvuke ukapanda kutoka mgongoni mwa fahali, ukawa wa dhahabu. Baba alipiga picha moja tu. Filamu ilikuwa imeishia hapo.

Picha iliporudi kutoka ng'ambo, Baba aliitazama dirishani mpaka chai yake ikapoa. Jumapili iliyofuata Bwana Athmani aliitazama kwa kile kioo chake kidogo cha kukuzia, akasema polepole, "Bwana Njoroge, hii ndiyo. Hii itachukua mwaka." Alimaanisha shindano la mwisho wa mwaka, ambapo slaidi moja ilichaguliwa kuliko zote. Hakuna Mwafrika aliyewahi kulishinda.

"Ila huyu mtoto," akaongeza.

Huyo mtoto alikuwa mimi. Kumbe nilikuwa nimesimama pembeni, kushoto, na kamera ikaninasa. Picha ya karatasi unaweza kuikata. Slaidi huikati. Wapiga slaidi, wakitaka kuondoa kitu pembeni, hukifunika kwa ukanda wa karatasi ya kung'aa, kama ile ya ndani ya pakiti ya sigara, na taa ya projekta haipiti hapo. Bwana Athmani alitoa mkasi wake mdogo, akavaa glavu, akaisafisha filamu kwa brashi laini, akanifunika. Baba alimsimamia akisema, "Ongeza kidogo. Bado naona nyekundu." Wakanifunika mzima. Nilikuwa nimekaa hapo hapo mezani, na hakuna aliyenitazama.

Alipofika kuifunga vioo, utepe mweusi wa kufungia ukawa umemwishia. Basi aliiweka slaidi kati ya vioo vyake, akavishika kwa mpira, akaitia ndani ya mkebe wa biskuti. Alisema atakuja na utepe mpya Jumamosi ya shindano, aifunge hapo hapo mjini. Baba aliuweka mkebe juu ya kabati, akatukataza kuugusa. Alitukataza mara moja tu, kwa sababu kwetu mara moja ilitosha.

Jumatano Mama alienda kuteka maji. Nilipanda juu ya kiti, nikaushusha mkebe.

Sitaki kujitetea, lakini nataka uelewe nilivyoona mambo. Nilikuwa nimewaambia wasichana wa darasa langu kwamba nimo kwenye picha itakayoonyeshwa mjini, kubwa kama ukuta. Halafu baba yangu mzazi na rafiki yake wakanifunika kama doa. Nilitaka kujiona tu. Niliondoa mpira, nikafungua vioo, nikabandua ukanda kwa ukucha, nikainua filamu dirishani. Nilijiona. Sweta ilikuwa nyekundu sana, ya kupendeza, na kidole changu cha shahada kilikuwa kimeingia puani mpaka kwenye kiungo.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu, kisha nikapata wazo. Uso usionekane, sawa. Lakini sweta? Niliurudisha ule ukanda, nikausogeza kidogo tu upande, ili kiwiko kibaki nje. Unene wa uzi, pengine nyuzi mbili. Ili ushike, nililaza filamu mezani nikaibonyeza kwa dole gumba. Nilikuwa nimetoka kula mandazi, na sikujua kwamba mafuta ya kidole yanakaa juu ya filamu. Nilirudisha vioo, nikarudisha mpira, nikarudisha mkebe. Siku zilizobaki nilikuwa mtoto mwema kupita kiasi, mpaka Mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nililia mpaka Baba akakubali kunichukua. Jumamosi tulimkuta Bwana Athmani kwenye benchi nje ya ukumbi, na utepe wake, na glavu zake. Aliitoa slaidi mkebeni.

"Hamna aliyeifungua?" akauliza.

"Nani afungue?" Baba alisema. "Iko juu ya kabati wiki yote. Mimi mwenyewe niliweka huko."

"Basi sina haja ya kuisafisha tena. Nikifungua hapa nje vumbi litaingia."

Akaanza kuzungusha utepe. Nilikuwa nimekaa kati yao. Neno moja tu lingetosha, hata lisingekuwa neno zima, kikohozi tu. Lakini nilikuwa nawaza kiwiko changu. Wala sikujua kuhusu kidole, hilo lazima niliseme. Ila nilijua kwamba swali lile lilikuwa langu kulijibu, nikajitia hamnazo, nikahesabu vifungo vya sweta.

Ndani ya ukumbi mapazia yalifungwa, taa zikazimwa, na projekta ikawashwa. Ndipo ile harufu ya vumbi la moto ikaja. Kulikuwa na desturi moja katika chama kile ambayo Baba aliipenda kuliko zote. Slaidi hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu. Mwenye picha alikaa kimya gizani huku mwamuzi akiichambua, na hakutakiwa hata kukohoa mpaka matokeo yasomwe. Hakuna aliyejua ni ya nani. "Kule gizani," Baba alikuwa akimwambia Mama, "hawajui ni mkono wa rangi gani uliobonyeza kamera."

Mwamuzi alikuwa mama wa Kizungu aliyealikwa kutoka nje ya chama, mwenye fimbo ndefu ya kuonyeshea. Zilipita twiga, zilipita machweo mengi, ulipita mlima mmoja mara tatu. Kisha fahali wetu akatokea. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mvuke ulikuwa wa dhahabu kweli, mkubwa, unaonekana unapanda. Na kushoto palikuwa na mstari mwembamba mwekundu, sweta yangu. Nilifurahi. Nakwambia ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha.

Halafu fundi wa projekta akarekebisha lenzi, picha ikakaza, na kwenye anga, juu ya mgongo wa fahali, kikatokea kidole. Mistari yake yote, ikizunguka na kuzunguka, mikubwa kama mlango.

Yule mama aliinua fimbo yake, akaizungusha kufuata mistari ya kidole. "Ni picha ambayo ningeipa nafasi ya kwanza," alisema kwa Kiingereza. "Ila naona mwenyewe ameshatia sahihi yake."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani sasa. Wangecheka hivyo hivyo hata kama picha ingekuwa ya gavana. Lakini walicheka kicheko cha watu arobaini mahali pa giza, mbele ya mtu ambaye kwa miaka ishirini alikuwa ameshika vidole vya wasiojua kuandika. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma.

Baba alisimama. Hakuna mtu aliyewahi kusimama. Mwanga wa projekta ulimpiga begani, kivuli chake kikaingia kwenye picha.

"Ni yangu," alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Picha ni yangu. Lakini kidole si changu." Akanyoosha mkono chini, upande wake wa pili. "Ni cha huyu. Yeye ndiye aliyeifunga. Nyote mnampa slaidi zenu, basi tazameni kazi yake."

Taa ziliwashwa. Bwana Athmani alikuwa hatazami watu. Alikuwa anatazama kitambaa, ambako picha ilikuwa bado inaonekana, hafifu, na nikaona macho yake yakienda kwenye ule mstari mwekundu. Yeye ndiye aliyeuweka ukanda ule kwa mkasi wake. Alijua kwamba aliiacha picha haina nyekundu hata chembe. Macho yake yaliondoka kwenye mstari, yakashuka polepole mpaka kwenye sweta yangu, yakapanda mpaka usoni. Nikatazama viatu vyangu.

Angeweza kusema, "Bwana Njoroge, wewe si uliniambia hamna aliyeifungua?" Angeweza kusema, "Mwulize mtoto." Alisimama, akaviweka vile vidole vyake virefu kifuani.

"Ni mkono wangu," akasema. "Naomba radhi, jamaa. Nisamehe, Bwana Njoroge."

Tulirudi nyumbani bila yeye. Njiani nilifikiri kwamba nikikaa kimya vya kutosha, jambo lile litaisha lenyewe. Ndivyo mtoto anavyofikiri. Halikuisha. Jogoo aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya Bwana Athmani alizeeka mpaka Mama akamuuza sokoni. Watu wa chama wakaanza kupeleka slaidi zao kwa fundi mwingine. Sidhani walimchukia, ila kazi yake yote ilikuwa kuaminiwa, na sasa kila aliyempa slaidi aliona kile kidole kikubwa kama mlango. Kufikia mwaka mpya mwenye duka alikuwa amemwambia hana la kumpa kufanya. Habari hizo Mama alizipata sokoni, akamweleza Baba, na Baba akasema, "Kila mtu na mzigo wake," akaendelea kusugua kucha zake.

Jumapili moja ya Januari, baada ya kanisa, Baba alikuwa dirishani. Alimwona Bwana Athmani akija katikati ya mahindi, amevaa kanzu, ameshika begi. Baba aligeuka haraka. "Mwambie sipo," akaniambia, akaingia chumba cha kulala, akavuta pazia. Kwetu chumba hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia tu. Mama alikuwa bado yuko kanisani kwenye kikao cha akina mama.

"Hodi."

Nilifungua nusu. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Hayuko."

Alitazama viatu vya Baba vya Jumapili, vilivyopangwa vizuri kwenye kizingiti, vikiwa bado na udongo mbichi wa njia ya kanisani. "Haya," akasema. "Mwambie Athmani kapita kumuaga. Kesho n'narudi kwetu."

Hakuondoka. Alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa. Alinukia sabuni na karafuu. Hakuwa na hasira, nami ningefurahi angekuwa nayo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, mwanangu, huna neno la kuniambia?"

Alingoja. Niligeuka kidogo nikatazama pazia, kisha nikamtazama yeye.

"Hapana," nikasema.

"Haya. Soma, mwanangu. Usiache kusoma." Akainuka, akachukua begi lake. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka mahindi yakamficha, na nyuma yangu pazia halikutikisika.

Baba aliacha chama. Kamera aliiweka ndani ya ule mkebe wa biskuti, na sikumwona tena akiitoa. Alirudia kula bila kusema. Mimi nilisoma, kama nilivyoambiwa, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikahamia hapa Jamhuri, na mara ngapi sijui nilipanga kwenda Riruta kumwambia. Kila nikifika namkuta amepoa, tunakunywa chai, nasema wiki ijayo.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita nilipotumwa Mombasa kwa semina ya walimu. Jioni ya kwanza nilienda Mji wa Kale, nikauliza, nikaulizia tena, mpaka nikaonyeshwa nyumba ya dada yake. Alinipa kahawa. Aliniambia Athmani alifariki mwaka uliotangulia. Alikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti, na maisha yake hayakuwa mabaya. Nilimwuliza kama aliwahi kuzungumza habari za Nairobi. "Sana," akasema. "Alikuwa na rafiki yake Mkikuyu huko. Akisema ni mpiga picha hodari, hajamwona mwingine. Ndiye babako?" Nikasema ndiye. Nilingoja aseme la kidole. Hakuwa na habari nalo. Hakuwahi kumwambia mtu.

Niliporudi sikupitia kwangu, nilienda moja kwa moja Riruta. Mahindi yalikuwa yameisha zamani, pamejengwa vyumba vya kupangisha, na Baba alikuwa nje kwenye kiti chake akiota jua. Nilimwambia kwanza kwamba Bwana Athmani amefariki. Akavua kofia. Kisha nikamwambia lile lingine, lote, kuanzia kiti nilichopanda, nikilia mwanamke mzima mbele ya wapangaji.

"Najua," alisema.

Nilidhani hakunisikia. Nikaanza tena.

"Nimesema najua. Jumatatu ile nilienda na ile slaidi kazini, nikaitazama dirishani. Nimeshika madole gumba ya watu maisha yangu yote. Unadhani siwezi kulijua la mtoto?"

"Mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapa, ningekuwa nimesema najua. Na nikisema najua, lazima nirudi kwa wale watu nisimame tena, niwaambie nimemwaibisha mtu bure." Aliigeuzageuza kofia magotini. "Sikuweza. Kila siku nilisema kesho."

Mtoto wa mpangaji mmoja alikuwa akifua soksi kwenye beseni, na Baba alimtazama kwa muda mrefu.

"Ile siku alikuja," alisema, "nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nilimsikia akikuuliza kama huna neno. Nikaomba. Nikasema, Mungu wangu, huyu mtoto aseme tu. Akisema, nitatoka."

Mimi pia niliomba siku hiyo, na sikuwa nimemwambia mtu. Niliomba nikitazama pazia. Niliomba Baba atoke, nikamwahidi Mungu kwamba akitoka tu nitasema yote. Nilimweleza hivyo, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Siku ile hatua nne zilikuwa kati yangu na yeye, na kitambaa kimoja cha maua. Na Bwana Athmani, ambaye hakuwa na kosa lolote, alichuchumaa pale mlangoni na begi lake, akatungoja sote wawili.